Sahani Iliyorudi Tupu

Marahaba, vijana. Huwa mnanikuta hapa kihambani, kwenye migomba yangu, nikimkatia ng'ombe majani, mnaniamkia upesi upesi, kisha mnauliza lile lile: mzee, mlimani kuna kazi? Mimi sijui. Nimestaafu. Magoti yangu yalitangulia kustaafu, mimi nikayafuata. Lakini Neema, binti wa jirani yangu hapa Kibosho, amepata kazi ya upishi wa mlimani, ya kwanza maishani mwake, na juzi alikuja na daftari jipya akitaka nimwandikie siri za jikoni. Nilimwambia siri sina, nina makosa. Akasema hata hayo yatafaa. Basi nimeandika, na ninyi wenzake msome, maana makosa yangu ni mengi na hamtayagombania.

Nilipika Kilimanjaro kwa miaka ishirini na sita. Kileleni nimefika mara mbili tu, na mara zote mbili nilikuwa nawaza kama nimezima jiko. Mpishi si mtu wa kilele. Wageni wakipanda, yeye hubaki kambini akimenya viazi kwa vidole vilivyokufa ganzi, ili wakirudi wakute supu ya moto. Wenzetu mlimani hutuita mainjinia wa matumbo. Ni utani, lakini mgeni asipokula siku mbili mtaona ni nani anayetafutwa.

Tuanze na maji, kwa kuwa ndiyo yaliyoniaibisha kwanza. Kule juu maji huchemka upesi, yanatoa mapovu mengi, lakini moto wake ni mdogo kuliko wa nyumbani. Mimi sikujua. Safari yangu ya kwanza nikiwa msaidizi nilipewa maharage ya wagumu niyapike kambi ya Shira. Wagumu ni wapagazi. Jina hilo wamejipa wenyewe na wanalistahili. Nikaona maji yanatokota, nikajisemea saa moja inatosha. Baada ya saa nne nzima maharage yalikuwa bado yanagonga sufuria kama kokoto. Mzee Dismas, mpishi mkuu aliyenifundisha kazi, alionja punje moja, akaitema kwa adabu, akaniambia yale maharage yataiva tukishafika Mweka, yaani siku ya kushuka. Wagumu walikula ugali kwa chumvi na hawakunisemesha mpaka asubuhi. Kwa hiyo maharage loweka nyumbani, chemsha nyumbani, chuja, ndipo uyabebe. Siku hizi mna gesi na sufuria za presha, lakini gesi nayo huisha, na presha ikipoteza mpira wake inabaki sufuria nzito tu. Sisi tulikuwa na majiko ya mafuta ya taa. Chai ilinuka mafuta ya taa, supu ilinuka, na nikirudi nyumbani mke wangu alinipokea akiwa amesimama mbali.

Mayai je? Yazike ndani ya unga wa ugali, kila yai peke yake, lisiguse mwenzake. Unga hulishika yai kuliko trei yoyote. Nililijua hilo baada ya kupanda ukuta wa mawe wa Barranco na trei ya mayai thelathini mkononi. Ule ukuta unadai mikono yote miwili. Nilipofika katikati ilinibidi nichague kati ya mayai na uhai, na nilichelewa kidogo kuchagua kuliko ninavyopenda kukiri.

Mzee Dismas alikuwa mtu wa Umbwe, mfupi, mwimba kwaya, asiye na haraka na jambo lolote. Naye alikosea. Mara moja mgeni alisema hali nyama, mzee akampelekea kuku, na mgeni alipokataa mzee akasikitika kweli, akasema sasa huyu tutamlisha nini ikiwa hata kuku hataki. Ilichukua siku mbili kumshawishi kwamba kuku ni nyama. Nadhani alikufa bila kuamini.

Ila jambo kubwa alilonifundisha halikuwa kupika. Alinifundisha kutazama sahani zinazorudi. Hakuna chombo kilichooshwa jikoni kwa Mzee Dismas kabla hajakitazama. Alikaa mlangoni mwa hema, akapokea sahani moja moja, akauliza hii ya nani. Nyama ikibaki, alisema, usijali, kule juu watu huchukia mafuta. Wali ukibaki nusu, zidisha tangawizi kwenye chai na umkumbushe mgeni anywe maji. Supu ikirudi ilivyokwenda, mwambie kiongozi. Chai ikirudi, mkimbilie kiongozi. Ugonjwa wa mlima mara nyingi huanza kwa kumfungia mtu hamu ya kula, na mgeni mwenyewe atakwambia hajambo, kwa sababu anakitaka kilele. Tumbo halina habari na kilele. Viongozi wa siku hizi wana kile kidude cha kubana kidole, kinawapa namba za hewa iliyomo kwenye damu, na ni kizuri, sikibezi. Lakini sahani inatoa habari mara tatu kwa siku bila betri.

Niliishika kanuni hiyo kwa miaka mingi na haikunitupa. Siku iliponitupa, kosa lilikuwa langu, na hilo ndilo ninalotaka hasa mlisome.

Wakati huo Mzee Dismas alikuwa ameshaacha kazi na mimi nilikuwa mpishi mkuu mwenye jina. Jina lenyewe lilitokana na kisu. Nilichonga matango yakawa maua, karoti zikawa samaki, na tikiti maji lilikuwa fahari yangu kubwa: nilikuwa nalichonga kikapu chenye mpini na meno pembeni, nikalijaza matunda yaliyokatwa. Kwenye ubaridi wa Barranco, mtu amechoka, amepigwa na mvua, unamfunulia kikapu cha tikiti. Wageni walipiga picha. Viongozi waliniomba kwa jina. Nilivimba kichwa, sikatai.

Basi akaja Mwalimu Kabula, mama mtu mzima, peke yake, kutoka Mwanza. Alikuwa amefundisha jiografia shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila mwaka alichora Kilimanjaro ubaoni, akaandika Kibo, Mawenzi na Shira, na mlima wenyewe hakuwahi kuuona hata kwa mbali. Alipostaafu aliwaambia wanawe hataki sherehe, anataka kwenda kuukagua.

Tulifurahi kumpata. Si mara nyingi unapanda na mgeni ambaye unamwamkia shikamoo naye anaitikia marahaba, anakuuliza nyumbani hawajambo, watoto wangapi. Siku ya kwanza alituuliza majina wote. Asubuhi ya pili alitoka kwenye hema lake amevaa kofia ya sufu, akatuita kwa majina bila kukosea hata moja, nasi tukaitika "nipo" kama darasa la tatu. Hata Prosper aliitika. Prosper ndiye aliyekuwa kiongozi wetu, mtu wa maneno machache, ambaye nilishapanda naye mara nyingi.

Aliyemhudumia Mwalimu mezani alikuwa Elisante, mtu wa Machame, baba wa watoto wawili, mrefu, mwenye haya. Mhudumu wa meza ni mgumu kama wengine: anabeba mzigo wake kutwa, akifika kambini anavaa shati safi na kupeleka chakula. Yeye huchukua sahani jikoni kwangu, hupeleka kwenye hema la mgeni, hurudisha. Kati ya hema langu na la mgeni kuna hatua ishirini au thelathini na giza la mawe. Sikuwahi kuzifikiria hizo hatua.

Sasa nirudi nyuma kidogo, getini Machame, asubuhi ya kuanza. Pale mizigo hupimwa, kila mgumu na kilo zake ishirini, na askari wa hifadhi hana mchezo. Mgumu mmoja tuliyemtarajia hakutokea, tukazidisha uzito. Kitu lazima kibaki. Mbele yangu kulikuwa na tikiti maji moja kubwa, zuri, na mifuko miwili ya unga wa wagumu. Nilitazama tikiti, nikatazama unga. Nikautoa mfuko mmoja nikamwachia mama anayeuza chai hapo getini anitunzie.

Elisante alikuwa anafunga kamba ya mzigo wake. Hakupandisha sauti. "Mpishi," alisema, "huo unga ndio miguu yetu."

"Miguu yenu itakula tikiti," nikamjibu, na wote tukacheka, yeye pia. Nilijipa moyo kwamba nitawagawia wagumu kidogo kidogo na viazi vitasaidia.

Unga uliobaki niliugawa kwa kipimo cha kikombe. Watu wenye mizigo kichwani walikula mlo mmoja kwa siku, na mlo wenyewe ulikuwa mdogo. Hawakulalamika. Mgumu halalamiki kwa mpishi, kwa kuwa kijiko anacho mpishi. Na mimi, vijana, niliona nyuso zao na nikaendelea kuchonga karoti. Hadi leo naona aibu kuandika hivyo.

Sahani za Mwalimu zilirudi tupu. Shira, tupu. Siku ya tatu tulipitia juu, kwenye Mnara wa Lava, mahali ambapo wengi hupoteza hamu ya kula. Jioni pale Barranco nilitoa kikapu changu cha tikiti, nikakipeleka mwenyewe. Mwalimu alipiga makofi. Alisema tangu azaliwe hajaona tikiti lililosoma shule. Nikarudi jikoni nikiwa juu ya mawingu, na baadaye Elisante akaleta maganda matupu, yamekwanguliwa mpaka kwenye weupe. Prosper aliniuliza kama kila jioni, mgeni anakulaje. Nikamwambia anakula kuliko mimi. Siku ya nne, kambi ya Karanga, vile vile. Prosper alipomuuliza mwenyewe, Mwalimu alisema hajambo, ni kichwa kidogo tu.

Siku ya tano, saa saba mchana, walifika Barafu. Hiyo ndiyo kambi ya mwisho kabla ya kilele, na jina lisiwadanganye, maji hakuna; wagumu huyabeba kutoka bonde la Karanga. Nilikuwa nimetangulia na jiko tayari linawaka. Niliwaona wanakuja, Prosper amemshika Mwalimu mkono. Mwalimu alikuwa anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Alikalishwa juu ya jiwe, akajaribu kufungua zipu ya koti, vidole vikaipita zipu mara mbili, mara tatu, kisha akaacha na kutabasamu.

Prosper alichuchumaa mbele yake. Kule Barafu, hewa ikiwa safi, Mawenzi huonekana wazi upande wa mashariki, umechongoka, huwezi kuukosea. Akaunyoshea kidole. "Mwalimu, tufundishe. Ule pale unaitwaje?"

Mwalimu aliutazama kwa muda mrefu. Mtu aliyeuchora ubaoni zaidi ya mara thelathini.

"Ni mlima," alisema. "Ni mlima mzuri."

Prosper akanigeukia. Nakumbuka macho yake. Aliniuliza amekula nini asubuhi. Nikamwambia uji wote, mayai mawili, mkate. Nikaongeza, na hapa ndipo ninapojilaumu zaidi, kwamba huyu ni uchovu tu, mtu mgonjwa hali hivyo, sahani zote zimerudi tupu tangu getini. Nilisema kwa uhakika wote wa Mzee Dismas. Prosper alisita. Alikuwa ananiamini. Akasema basi apumzike mpaka jioni, tumwangalie.

Elisante alikuwa ndiyo kwanza anafika na dumu la maji kichwani. Alilitua chini, akatutazama, akamtazama Mwalimu.

"Mwalimu hajala tangu Shira," alisema. "Nilikuwa nakula mimi."

Baadaye niliusikia mkasa mzima kutoka kwao wote wawili. Kule Shira Mwalimu alionja supu, tumbo likakataa. Mzungu angeiacha supu hapo, akalala, nami ningeiona jioni ile ile na kukimbia kwa Prosper. Lakini huyu alikuwa mama yetu, amelelewa kama tulivyolelewa sisi. Chakula cha watu hakirudishwi bila kuguswa, ni kumwambia mpishi kwamba hajui kazi. Alinifikiria mimi nikikata mboga kwenye baridi. Kisha akamwona Elisante anavyoitazama supu. Akamuuliza amekula lini. Elisante, kwa haya zake, akasema jana. Mwalimu akamsogezea sahani: kula, mwanangu, mimi tumbo litatulia kesho, ila usimwambie mpishi, ataumia. Elisante hakuwa na nguvu ya kukataa. Siku ya pili ikawa rahisi zaidi, na ya tatu ikawa desturi yao. Kila mmoja alidhani anamsaidia mwenzake. Walikuwa wananidanganya kwa heshima, na mimi ndiye niliyewapa sababu.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwalimu aliijua methali hiyo, alishawasahihishia watoto mara nyingi. Kuijua si kazi, kazi ni kuifuata.

Prosper hakupoteza muda kugombana. Mlimani dawa ya kwanza ya mtu aliyefikia hapo ni kumshusha, na kumshusha sasa hivi. Askari wa hifadhi alitupatia machela ya tairi moja, tukamfunga Mwalimu kwa blanketi na kamba, tukawaacha wagumu wawili wakunje kambi, sisi wengine tukashika. Njia ya kushuka kutoka Barafu ni mawe matupu na vumbi. Tairi hutua kwenye jiwe, machela inaruka, watu wanne wanaishikilia isipinduke. Ni kazi ya watu walioshiba.

Na hao hawakuwa wameshiba. Hatujamaliza hata saa moja, mgumu wa mbele kulia akakunjika magoti, akakaa chini kama mtoto. Machela ikainama. Mwalimu akateleza kwenye kamba zake, kichwa kikielekea mawe, Elisante akajitupa akamdaka kwa kifua. Tukasimama wote. Hakuna aliyenitazama. Afadhali wangenitukana. Nilisikia tena maneno ya getini, huo unga ndio miguu yetu, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Mgumu aliyeanguka alisema tu, pole, Mwalimu.

Nilifungua sanduku la vyakula vya mgeni, nikawagawia vyote: biskuti, chokoleti, sukari nikaimimina viganjani mwao wakaila hivyo hivyo na maji. Kisha nikashika mahali pa yule aliyeanguka. Sikuwa nimebeba machela tangu ujana. Tulikwenda hivyo, hatua kwa hatua, Prosper akimwita Mwalimu kwa jina, akimuuliza majina yetu, na yeye hajibu.

Chini ya Barafu kuna kambi ya Millennium. Tulipoikaribia tulikuta kundi jingine limepiga kambi, na mpishi wao, mtu nisiyemjua, alikuwa anapakua ugali wa wagumu wake. Alitutazama mara moja. Akaiinua ile sufuria yote, akaiweka juu ya jiwe mbele yetu na dagaa pembeni. Wagumu wake wakasimama, wakatupisha, kisha wakashika machela ili sisi tule. Tulikula kwa kusimama, kwa mikono tu, sidhani ilizidi dakika tano. Nimekula harusini na kwenye ubatizo, nimekula machalari ya ndizi na nyama ya mama yangu, sijala chakula kama kile. Huyo mpishi aliweka unga wa kutosha watu wake na wa ziada. Sikumuuliza jina na hilo nalo najutia.

Nikiwa bado natafuna, nilisikia sauti nyembamba kutoka kwenye blanketi.

"Mawenzi," alisema Mwalimu. "Ule ulioniuliza. Ni Mawenzi."

Prosper aligeuka akatazama upande mwingine. Mimi nililia wazi, mbele ya kundi la watu nisiowajua, na donge la ugali mkononi.

Kabla jua halijazama tulikuwa kambi ya Mweka, huku chini kwenye miti, na Mwalimu alikuwa anatuita kwa majina tena. Baadaye hospitalini walimlaza siku mbili, wakamruhusu. Kilele hakukiona. Lakini alikuwa hai, na hilo ndilo lililokuwa mkononi mwetu mchana ule.

Asubuhi kule Mweka, Mwalimu akiwa bado amelala, Prosper alikaa nami jikoni. Nilikuwa namenya ndizi mbichi nilizobeba kutoka nyumbani kwa mlo wa mwisho. Prosper akasema Elisante hatapanda naye tena. Mhudumu anayekula chakula cha mgeni na kuficha, alisema, ataua mtu. Nakiri nilimenya ndizi mbili zaidi kwanza. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Jina langu lingebaki safi, na Elisante asingesema, kwa haya zake.

Halafu nikaweka kisu chini, nikamweleza juu ya mfuko wa unga uliobaki getini, na tikiti.

Prosper alifikiri. "Kwa hiyo nimwache nani?"

"Mimi," nikasema.

"Nikikuacha wewe nitakula nini," alisema, na hakucheka. Kisha akaniambia kwamba kuanzia safari ijayo atapima unga wa wagumu kabla ya kitu kingine chochote, mbele yangu. Elisante alipanda nasi miaka mingine mingi na hatimaye akawa mpishi, mzuri kuliko mimi, asiyechonga kitu chochote.

Kwa hiyo Neema, andika hili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako: getini weka unga wa wagumu kwenye mizani kabla hujaweka kitu cha mgeni. Nafasi ikibaki, beba tikiti. Na sahani ya mgeni itazame, ndiyo, kama Mzee Dismas, lakini uitazame huko huko anakokula, uipeleke mwenyewe angalau mara moja kwa siku, ukae kidogo, umwone anameza. Mgeni wa kwetu mwangalie mara mbili. Mwambie mapema, kwa mdomo wako, kwamba kubakiza si kukutukana.

Ile asubuhi nilipika mtori wa zile ndizi, mzito, na kipande cha nyama kilichobaki nikakikata vipande vidogo vikatosha wote. Niliwapakulia wagumu kwanza. Elisante alikuwa wa mwisho kusogea, nikamjazia sahani mpaka ukingoni, akaipokea bila kunitazama usoni. Ndipo nikachukua sahani ya Mwalimu, nikampelekea mwenyewe.

Alikuwa amekaa mlangoni mwa hema, jua linamwangukia miguuni. Nilimwamkia, nikakaa chini karibu naye. Alikula taratibu. Alifika nusu, akaweka kijiko, akaiangalia ile sahani, nikaona mkono wake unarudi kwenye kijiko kwa ajili yangu. Nikamwomba asifanye hivyo.

"Basi nimeshiba, baba," alisema. "Hii nyingine imenishinda."

Nikaipokea. Nilirudi nayo jikoni, nusu sahani ya mtori, bado unatoa mvuke, nikaiweka chini katikati yetu ambapo kila mtu angeweza kuiona. Nilikuwa nimepika mlimani miaka mingi na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufurahi kuona chakula changu kimerudi. Elisante alikuwa amekaa hapo hapo na sahani yake mwenyewe magotini, anakula, na ile ya Mwalimu hakuitazama hata mara moja.